Somo la Kwanza Lisianze kwa Wizi

Wiki ya tatu ya muhula, kijana wa mwaka wa tatu aliingia ofisini kwangu akiwa amekumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba mgonjwa. "Shikamoo Dokta. Programu imegoma." Programu yenyewe ilikuwa MATLAB, nakala iliyovunjwa kufuli, na pamoja nayo vilikuja virusi vilivyoila ripoti yake yote ya mradi. Nilimwuliza flashi aliipata wapi. Alitazama sakafu, kisha akajibu kwa adabu kwamba flashi ile ilitoka kwangu.

Ni kweli. Miaka miwili kabla, niliigawa mwenyewe darasani. Kwa hiyo naandika haya nikiwa mshitakiwa, wala si hakimu.

Katika madarasa niliyopitia, kwanza kama mwanafunzi na sasa kama mwalimu, somo la uchakataji wa picha huanza kwa wizi uliovikwa kanzu ya umaskini. Tunamwambia kijana: katafute programu. Hatumwambii akaitafute wapi, maana sote twajua. Kisha ikifika semina ya maadili ya utumishi wa umma, tunakaa mstari wa mbele tukitikisa vichwa.

Nitajibiwa kwamba leseni ni ghali. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama pasingekuwa na njia nyingine. John W. Eaton alianza kuandika GNU Octave mwaka 1992, na toleo la kwanza kamili likatoka 1994, kabla wengi wa wanafunzi wangu hawajazaliwa. Ni programu huru, haina malipo, na amri zake za msingi ni zile zile: imread husoma picha, imshow huionyesha, rgb2gray huondoa rangi. Inahitaji tu kupakia kifurushi chake cha picha kwa amri moja. Na wenye kupenda Python wanayo milango yao, nayo iko wazi vilevile. Kwa kampuni ya MATLAB sina ugomvi. Inauza mali yake. Tena chombo hicho chenyewe kilizaliwa darasani: Cleve Moler alikiandika miaka ya 1970, akifundisha Chuo Kikuu cha New Mexico, ili wanafunzi wake wafanye hesabu za matriksi bila kuhangaika na Fortran. Mwalimu yule aliona kikwazo cha wanafunzi wake akakiondoa. Sisi tumekiona chetu tukakizungusha kwa flashi.

Lakini wizi ni nusu tu ya aibu. Nusu ya pili ni kwamba tunafundisha kubofya. Kijana anaambiwa afungue picha ya pilipili hoho au ya sarafu iliyokuja na programu, abofye hapa, abofye pale, na mwisho wa muhula anapata alama zake bila kuwahi kuambiwa kwamba picha, ndani ya mashine, ni jedwali la namba lenye mistari na safu.

Naomba msomaji anivumilie kidogo, hasa wewe mtumishi unayeletewa ramani mezani uitie sahihi. Setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha za nchi yetu, na picha hizo hutolewa bure. Chukua delta ya Rufiji, ambako mikoko imekuwa ikikatwa kupisha mpunga, na ambako mvutano kati ya wakulima na wasimamizi wa misitu haukuanza jana. Kupima ukijani, tunatoa namba ya mwanga mwekundu kutoka namba ya mwanga usioonekana ulio jirani yake, kisha tunagawanya kwa jumla ya namba hizo mbili. Tuseme mikoko ina 3,000 na 400: jibu ni 0.76. Shamba lililovunwa lina 2,000 na 1,400: jibu ni 0.18. Maji yana 300 na 500: jibu ni hasi 0.25. Vitu vitatu, majibu matatu.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo katika Octave au MATLAB bila kugeuza aina ya namba. Picha imehifadhiwa kwa namba kamili zisizo na hasi. Mikoko itatoa 1. Shamba litatoa 0. Maji nayo yatatoa 0, kwa kuwa hasi imekatwa na desimali imekadiriwa. Mashine haitalalamika wala kuonyesha maandishi mekundu. Itakuchorea ramani safi kabisa, ambamo shamba la mtu na maji ya mto ni kitu kimoja. Neno moja tu, double, likitangulizwa mbele ya kila jedwali, lingeiokoa. Katika Python kosa huja kwa sura nyingine: jumlisha 200 na 100 katika picha ya biti nane, utapata 44, Octave itakupa 255. Hakuna hata moja iliyokupa 300.

Mwanaharakati anayebishana na ramani ya namna hiyo atabishana na nini, ikiwa naye alifundishwa kubofya? Na aliyeichora atajitetea vipi, ikiwa hajui kilichotokea?

Wenzangu wa idara wanasema waajiri wanataka MATLAB. Basi chuo kinunue leseni za kutosha, kiziandike kwenye bajeti, tujadiliane bei hadharani. Au tuache. Njia ya tatu, hii tunayoitumia, sitaifundisha tena.

Muhula huu flashi yangu imezunguka tena darasani. Ndani yake mna Octave na kipande cha Rufiji, pilipili hoho nimezifuta. Zoezi la kwanza ni kutafuta maji yalipopotelea. Kijana yule anaandika ripoti yake upya, na nimempa wiki tatu za nyongeza. Mbili ni zake, moja ni deni langu.