Hesabu za kiwanda cha pamba zinamhusu pia mkulima wa Magu

MKULIMA wa Magu akishapima pamba yake kwenye chama cha msingi na kupewa stakabadhi, kwake kazi imekwisha na kinachobaki ni kusubiri fedha. Fedha hizo, hata hivyo, mara nyingi hutegemea safari nyingine ambayo yeye haioni: pamba kupakiwa kwenye lori, kufika kiwandani, kuchambuliwa, kufungwa marobota na kuuzwa. Kila siku ambayo pamba imekwama kiwandani, mnunuzi analipa riba benki, na mara nyingi mkulima naye anaongezewa siku ya kusubiri.

Msimu wa 2019 ulionyesha jinsi mambo haya yanavyofungamana. Bei elekezi ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, bei ya nyuzi katika soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa walikaa miezi bila kulipwa. Chanzo kikubwa kilikuwa bei ya dunia, ambayo hakuna mwenye kiwanda wala mkulima anayeweza kuibadili. Lakini mwenye kiwanda ambaye mtaji wake umelala kwenye ghala lililojaa pamba isiyochambuliwa ndiye wa kwanza kuzidiwa bei inapoyumba. Hapo ndipo suala la dashibodi za takwimu viwandani, ambalo kwa kawaida huishia kwenye semina za mijini, linapomgusa mkulima.

Jina lenyewe lisimtishe mtu. Dereva wa Fuso anayetoka Musoma kwenda Mwanza hafungui boneti kila baada ya kilomita kadhaa. Anatazama geji mbele yake, na joto likipanda anajua mapema kabla injini haijaharibika. Dashibodi ya kiwanda ndiyo hiyo hiyo. Ni skrini, au hata ubao wa chaki, unaoonyesha mahali pamoja yale yanayotokea leo: pamba iliyoingia, iliyochambuliwa, marobota yaliyofungwa, saa ambazo mashine zilisimama na sababu zake.

Takwimu zenyewe kwa kawaida zipo. Karani wa mizani ya magari ana daftari lake, msimamizi wa mashine ana lake, wa marobota ana lake, mita ya umeme husomwa na fundi, na mhasibu huvikusanya vyote mwisho wa mwezi. Wakati hesabu inakamilika, tatizo la wiki ya kwanza limeshazaa la wiki ya nne.

Tuchukue kiwanda cha mfano. Mashine zake, kwa maandishi, zina uwezo wa kuchambua tani 200 za pamba mbegu kwa siku, na malori yanaleta tani 200. Meneja analala akiamini mambo yako sawa. Kumbe kwa sababu ya umeme kukatika, mikanda kuchomoka na rola kwisha, kinachochambuliwa ni tani 120 tu. Tani 80 zinabaki ghalani kila siku. Kama ghala linachukua tani 1,500, siku ya 19 limejaa, malori yanapanga foleni barabarani, maghala ya vyama vya msingi nayo yanafurika, na karani wa AMCOS anawaambia wakulima warudi na pamba zao nyumbani. Yote hayo yangeonekana siku ya tatu kwa kutazama namba mbili zilizoandikwa pamoja. Meneja angepunguza malori, angeongeza zamu ya usiku, au angekodi ghala mapema kabla wenye maghala hawajajua shida yake.

Ni kweli kwamba uwezo wa viwanda vya kuchambua pamba nchini unazidi kwa mbali pamba inayolimwa. Msimu wa 2019/20 taifa lilivuna takriban tani 348,000, na uliofuata zikashuka hadi karibu tani 122,000. Kwa mabadiliko makubwa namna hiyo, kiwanda hakiwezi kupanga ajira, vipuri na mkopo kwa kukumbuka tu mwaka jana ulikuwaje. Isitoshe, msimu wa kuchambua ni miezi michache kuanzia Mei au Juni. Rola ikisubiriwa kwa siku 10, hilo ni pengo ambalo halina mwezi mwingine wa kulifidia.

Umeme nao una siri yake ambayo wengi hawaijui. Wateja wakubwa wa TANESCO hawalipii uniti pekee. Hulipia pia kiwango cha juu kabisa cha umeme walichowahi kuvuta kwa mpigo ndani ya mwezi. Kiwanda kikiwasha mota zote kwa wakati mmoja asubuhi baada ya umeme kurudi, kilele hicho kinaingia kwenye ankara ya mwezi mzima, hata kama kilidumu muda mfupi. Skrini inayoonyesha umeme unavyopanda humwezesha fundi kuwasha mashine moja baada ya nyingine. Hili halihitaji mtaji mkubwa, linahitaji mtu wa kutazama.

Kipimo kinachomgusa mkulima zaidi ya vyote ni asilimia ya nyuzi. Pamba mbegu ikichambuliwa, nyuzi huwa ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito, sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu ya kukamulia mafuta na kutoa mashudu, na kiasi kidogo ni takataka. Kiwanda chetu cha mfano kikichambua tani 120 na kupata asilimia 36, kina tani 43.2 za nyuzi. Ikishuka hadi 34, kina tani 40.8. Tofauti ni marobota 12 ya kilo 200 kwa siku moja tu. Nyuzi hizo huenda zimebaki kwenye mbegu kwa sababu visu vya mashine havikurekebishwa, au pamba iliingia na mchanga na maji. Daftari la mwisho wa mwezi haliwezi kueleza ni lipi kati ya hayo. Ubao wa kila zamu unaweza.

Bei elekezi hukokotolewa kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, bei ya nyuzi duniani, thamani ya shilingi, gharama za uchambuaji na kiasi cha nyuzi kinachotarajiwa katika kila kilo ya pamba mbegu. Asilimia moja ni gramu 10 za nyuzi. Kama nyuzi zinauzwa, tuseme, Sh4,000 kwa kilo, hiyo ni Sh40 katika kila kilo ya mkulima, kasoro thamani ndogo ya mbegu. Kwa aliyevuna kilo 800 ni karibu Sh30,000. Anayeshika namba hiyo mezani ndiye anayezungumza kwa nguvu, na hadi sasa anayeishika ni mwenye kiwanda.

Wasukuma wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe ili kuhakiki uzito. Kutokana na vuguvugu hilo vilizaliwa vyama vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions. Nguvu yao ilianza na mizani ya pili. Viwanda vya samaki vya Mwanza navyo vilipata somo la aina yake mwaka 1999, pale Umoja wa Ulaya ulipozuia sangara wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Maneno matupu hayakutosha kumtuliza mnunuzi wa Ulaya. Alitaka ukaguzi, vipimo na kumbukumbu.

Tahadhari ipo. Karani akikaripiwa kila namba inaposhuka, atajifunza kuipika, na ubao utapendeza huku ghala likioza. Kinga ni kulinganisha kinachoingia na kinachotoka: nyuzi, mbegu na takataka zikijumlishwa zikaribie uzito uliopokelewa, baada ya kuzingatia unyevu uliokauka. Aidha, wapo wafanyabiashara wanaouza programu za bei kubwa kwa viwanda ambavyo hata mizani yao haijahakikiwa. Kiwanda kidogo kinaweza kuanza na kompyuta moja, jedwali la kawaida la hesabu, karani anayejua kazi yake, na ujumbe wa simu wa kila jioni kwenda kwa meneja na makatibu wa AMCOS. Mizani ya kidijitali iliyoanza kusambazwa kwenye vyama katika misimu ya karibuni inarahisisha nusu ya kazi hiyo.

Nusu nyingine ni ngumu zaidi. Kwa kawaida pamba ya Kisesa, ya Kahangara na ya Ng'haya humwagwa katika ghala moja la kiwanda, hivyo haijulikani ya chama kipi imetoa nyuzi ngapi. Kuitenganisha kunahitaji nafasi na muda, na mwenye kiwanda atauliza gharama hiyo anaifidia vipi. Jibu lipo kwenye yale marobota 12. Kwa upande wa vyama, kuna sharti ambalo viongozi wake watapaswa kulikubali kabla ya kudai takwimu hizo: namba itakayoonyesha pamba safi ya chama kimoja ndiyo itakayoonyesha mchanga wa chama kingine, na wanachama wake watataka kujua nani aliupokea mizani.