Programu za kukodi zisihatarishe kilo za mkulima wa chai

MKULIMA wa chai wa Chepseon, Kaunti ya Kericho, hulipwa kulingana na kilo zinazoandikwa anapopeleka majani kituoni. Kilo hizo ndizo msingi wa malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwaka. Ndiposa uamuzi kuhusu programu ya kompyuta itakayohifadhi rekodi hizo haufai kuachiwa mafundi peke yao.

Chama cha ushirika kinachotaka programu yake kina njia mbili. Ya kwanza ni kukodi jukwaa, kama vile Power Apps ya Microsoft, ambapo karani aliyezoea kompyuta hupanga fomu na ripoti bila kuandika msimbo mwingi. Ya pili ni kumwajiri mtaalamu aandike programu akitumia maktaba za vipande vilivyo tayari, kama vile vitufe na majedwali, na kuviunganisha kwa msimbo wake.

Njia ya kwanza inavutia kwa kuwa fomu inaweza kuwa tayari kwa siku chache. Hata hivyo, wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Mnamo Januari 2021, Google ilifunga jukwaa lake la App Maker. Data zilizokuwa katika hifadhidata zilisalia, lakini programu zenyewe hazikuweza kuhamishwa moja kwa moja hadi jukwaa lingine. Ilibidi ziundwe upya.

Mwishoni mwa mwaka uo huo, Google iliacha kuhudumia AngularJS, mfumo wa kuandikia msimbo. Programu zilizojengwa kwa mfumo huo hazikuzimika. Wenyewe walibaki na msimbo wao na muda wa kutafuta njia nyingine, ingawa Google haikutoa tena marekebisho ya kiusalama.

Hata hivyo, msimbo si dawa ya kila tatizo. Mtaalamu aliyeuandika akihamia Nairobi, chama kinaweza kubaki na programu isiyo na wa kuirekebisha.

Eldoret inatoa mfano mzuri. Mpango wa afya wa AMPATH ulianza mwaka 2006 kuhifadhi rekodi za wagonjwa katika OpenMRS, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Kwa wahudumu waliopima virusi vya Ukimwi nyumba kwa nyumba, mpango huo ulitumia fomu za simu za Open Data Kit, ambazo huundwa kwa haraka. Kila kazi ilipata zana yake.

Vyama vya Chepseon vinaweza kufuata mkondo huo. Mahudhurio ya mikutano na maoni ya wanachama yanaweza kuwekwa katika jukwaa la kukodi. Kilo na malipo yahitaji programu ambayo chama kinamiliki msimbo wake, na ambayo angalau wataalamu wawili wanaifahamu. Katika njia zote mbili, mkataba ueleze kabla ya kutiwa saini jinsi chama kitakavyochukua rekodi zake zote siku ya kuachana.