Kuchelewesha mafao si kumzuia mwizi

Kuna imani iliyoota mizizi Marekani, na Waswahili wengi wanaoishi huko wameipokea bila kuihoji: kwamba mtu aliyepoteza kazi akikaa miezi miwili au mitatu bila kulipwa mafao yake ya kukosa ajira, subira hiyo ndiyo gharama ya kulinda fedha za umma. Wezi ni wengi, husemwa, na ofisi ya jimbo ikiharakisha kulipa watakomba kila kitu. Basi mwenye haki avumilie uhakiki. Kama ni mkweli atalipwa hatimaye. Maneno haya yanasikika kama ya busara, na ndiyo maana yamedumu. Lakini yaliyotokea Michigan, Florida na California katika miaka hii kumi na ushee yanayakanusha. Ucheleweshaji humwangukia kwanza mwenye haki, na mara nyingi mwizi huwa ameshapita.

Tuanze na fedha yenyewe. Mafao haya si sadaka. Yanatokana na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935, na hugharimiwa kwa kodi wanayolipa waajiri kwa ajili ya wafanyakazi wao. Alaska, New Jersey na Pennsylvania hata mfanyakazi mwenyewe hukatwa. Kila jimbo lina mfuko wake na kanuni zake, ila serikali ya shirikisho imeweka sharti kwamba malipo yatolewe kikamilifu na kwa wakati wake. Mwaka 1971, katika shauri maarufu kwa jina la Java, Mahakama Kuu ya Marekani ililipa sharti hilo uzito. California ilikuwa na desturi ya kusimamisha malipo mara tu mwajiri anapokata rufaa, hata kama ofisa wa jimbo alikwisha kuzisikiliza pande zote mbili na kuona kwamba mfanyakazi anastahili. Mahakama ilikataa. Ilisema lengo la fedha hii ni kumfikia mtu katika kipindi kile kile ambacho mshahara umekatika, wala si baadaye. Kipimo cha shirikisho kinafuata mantiki hiyo: malipo ya kwanza, angalau asilimia 87, yanatakiwa kutoka ndani ya siku 14 au 21, kutegemea kama jimbo lina wiki ya kusubiri au halina. Kwa hiyo kulipa kwa wakati ni sehemu ya haki yenyewe. Kodi ya nyumba hudaiwa tarehe moja ya mwezi, na mwenye nyumba hangoji uhakiki wa jimbo.

Mfano wa Michigan unapaswa kujulikana na kila anayesema kwamba ukali humnasa mwongo. Oktoba 2013 jimbo hilo lilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao MiDAS, uliogharimu takribani dola milioni 47. Mfumo ulilinganisha taarifa za mfanyakazi na za mwajiri. Ulichukua kipato cha robo mwaka ukakigawa sawasawa kwa wiki zote, kana kwamba mtu hufanya kazi kwa kiwango kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, na hesabu zilipopishana ulihitimisha kuwa mfanyakazi amedanganya. Maswali yalitumwa kwenye akaunti za mtandaoni ambazo wengi hawakuzifungua tena, kwa sababu walishaacha kupokea mafao. Asiyejibu ndani ya siku 10 alihesabiwa mlaghai. Adhabu ilikuwa kurudisha fedha yote, kulipa faini mara nne ya kiasi hicho, na juu yake riba ya asilimia 12. Mishahara ya kazi mpya ilikatwa, marejesho ya kodi yakakamatwa, na wapo waliofilisika. Watu takriban 40,000 walituhumiwa kwa namna hii hadi 2015. Jimbo lilipokuja kupitia upya mafaili zaidi ya 22,000 yaliyoamuliwa na kompyuta peke yake, asilimia 93 yalikuwa na makosa. Wahusika walipigania haki yao mahakamani kwa miaka mingi kabla ya jimbo kukubali, mwaka 2022, kulipa fidia ya dola milioni 20. Mfumo uliojengwa kuwasaka wadanganyifu ulikuwa unawapa watu wakweli jina la udanganyifu.

Florida ilifika mahali pabaya kwa njia nyingine. Sheria ya 2011 iliwalazimisha waombaji wote kupitia mtandaoni na kujibu mtihani wa maswali 45 kabla ya kufikiriwa, utaratibu ambao miaka miwili baadaye kituo cha haki za kiraia cha Wizara ya Kazi ya shirikisho kilisema uliwabagua walemavu na watu wasiokijua Kiingereza vizuri. Mwaka 2013 ukaja mfumo mpya wa CONNECT, kwa dola milioni 77. Ulipoanguka mwanzoni mwa janga la korona, gavana Ron DeSantis, ambaye ni wa chama kile kile cha gavana aliyeuzindua, alieleza hadharani kwamba ulionekana kuwekewa vikwazo visivyo na maana ili watu wachoke na kuacha kudai. Maneno hayo yalitoka kwa mkuu wa jimbo mwenyewe, wala hayakuwa ya wanaharakati. Kabla ya janga, ni karibu mtu mmoja tu kati ya kumi wasio na kazi Florida aliyekuwa akipokea mafao. Anayeamini kwamba tisa waliobaki walikuwa wezi waliozuiwa, alete ushahidi.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya mwaka 2020, na inastahili jibu kamili. Ni kweli fedha nyingi mno iliibwa. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2023 kwamba udanganyifu katika mafao ya kipindi cha janga ulifika kati ya dola bilioni 100 na 135. Hicho si kiasi cha kupuuzwa. Lakini tutazame waliiba vipi. Magenge yalitumia majina na namba za watu wengine, mara nyingi katika mpango wa dharura wa watu waliojiajiri, ambao mwanzoni ulikubali maelezo ya mwombaji bila kudai uthibitisho wa kipato. Mtu wa genge ana taarifa zote zilizonyooka, kwa sababu amezinunua zikiwa zimenyooka. Ana subira pia, maana amewasilisha maombi mamia na halali njaa kwa kukosa moja. California inatoa picha kamili. Mwezi Septemba 2020 rundo la maombi yaliyokwama lilikuwa linakaribia milioni 1.6, na jimbo likasitisha hata kupokea maombi mapya kwa wiki mbili. Miezi miwili baadaye waendesha mashtaka walitangaza kwamba mafao yalikuwa yakilipwa kwa majina ya wafungwa, maana ofisi haikuwa ikilinganisha maombi na orodha za magereza, kazi ambayo majimbo mengine mengi yalikuwa yakiifanya tayari. Ofisi ile ile, katika miezi ile ile, ilimsubirisha mama aliyefungiwa hoteli alimokuwa akifanya usafi, na ikamlipa mtu aliyedai kwa jina la mfungwa. Kulinganisha orodha za magereza, za marehemu, na akaunti za benki zinazopokea malipo ya watu kumi ni kazi ya kompyuta isiyohitaji kumkalisha mtu mwezi mzima. Kuhusu walionyimwa kabisa, ofisi ya uchambuzi ya bunge la California iliripoti mwaka 2022 kwamba zaidi ya nusu ya maamuzi ya kukataa yaliyokatiwa rufaa yalibatilishwa.

Wapo wanaosema tatizo ni kompyuta za zamani tu. Ni nusu ya ukweli: Aprili 2020 gavana wa New Jersey aliomba wajitoleaji wanaoijua COBOL, lugha ya programu ya miongo mingi iliyopita. Lakini mifumo ya Michigan na Florida ilikuwa mipya. Kilicho cha zamani zaidi ni fedha ya kuendeshea ofisi hizi. Kodi ya shirikisho inayogharimia kazi hiyo hutozwa juu ya dola 7,000 za kwanza za mshahara wa mwaka, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1983, na kwa kawaida huishia dola 42 kwa mfanyakazi mmoja. Bunge lilitenga dola bilioni 2 mwaka 2021 kupambana na udanganyifu na kuharakisha malipo, kisha mwaka 2023 likaifuta nusu yake. Aidha, kodi ya mwajiri hupanda kadiri wafanyakazi wake wa zamani wanavyolipwa, hivyo mwajiri ana sababu ya kifedha ya kupinga maombi hata pale asipokuwa na hoja. Kila pingamizi ni wiki nyingine kwenye foleni.

Suala hili linawagusa Waswahili kwa namna yao. Wakimbizi wengi kutoka Kongo waliopokelewa Texas, Kentucky na Iowa wana hati zinazosema walizaliwa Januari 1, kwa kuwa tarehe halisi haikuandikwa popote, na majina matatu ambayo kila ofisi huyapanga kivyake. Mfumo wa uhakiki unaotegemea historia ya mikopo hauwezi kumtambua mtu aliyeingia nchini juzi. Barua ya kukataliwa hufika kwa Kiingereza, na saa ya rufaa huanza kuhesabu: siku 14 Texas, siku 30 California. Kwa mtu huyu, kuambiwa avumilie uhakiki ni sawa na kuambiwa aache haki yake.

Kwa hiyo msomaji uliye huko, au mwenye ndugu huko, usikubali kwamba ukimya wa ofisi ni utaratibu wa kawaida. Endelea kuthibitisha kila wiki kwamba huna kazi na unatafuta, hata kama hujalipwa senti na rufaa yako haijasikilizwa, kwa sababu wiki usiyoidai inaweza isilipwe hata ukishinda. Kata rufaa kabla ya tarehe iliyoandikwa, na utunze nakala ya kila barua pamoja na bahasha yake. Omba mkalimani; Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana ofisi zinazopokea fedha za shirikisho zisikunyime huduma kwa sababu ya lugha. Ikipita wiki ya tatu bila jibu, iandikie ofisi ya mbunge wako wa jimbo, maana ana watu walioajiriwa kushughulikia malalamiko ya aina hii.