Seva Ikaguliwe Kabla ya Kutia Saini

Askari hapokei bunduki bila kuhesabu risasi zake. Mimi nilipokea seva bila kuihesabu. Ofisini kwetu hapa Rusizi ililetwa na hati isemayo kumbukumbu ni gigabaiti 32, nikatia saini. Wiki iliyofuata nikagundua ina 16 tu. Muuzaji akanionyesha saini yangu, nami nikanyamaza.

Tangu hapo huiuliza kwanza mashine yenyewe. Katika mfumo wa Linux, amri ya lscpu hutaja aina ya prosesa na idadi ya viini vyake. Amri ya free -h huonyesha kumbukumbu. Upungufu mdogo usikutishe, kwani mfumo hujitengea sehemu yake. Nayo lsblk huorodhesha diski na ukubwa wake. Atakaye undani zaidi, akiwa na ruhusa ya msimamizi, na aandike sudo dmidecode -t memory: kila nafasi ya kadi ya kumbukumbu itatajwa, iliyojazwa na iliyo tupu.

Hata kompyuta ya nyumbani yenye Linux hukaguliwa hivyo hivyo. Tusinunue mbuzi ndani ya gunia: mashine ijibu kwanza, kalamu ifuate.