Weupe wa Unga na Siha Zetu

BARAZANI
Na Salim Mwinyikombo

Mwenye kutaka kujua namna watu wetu wanavyokipima chakula, na aende akasimame kitambo mbele ya mashine ya kusaga, asubuhi, wakati ndoo na madebe yanapoanza kujipanga mlangoni. Ataona mahindi yakimiminwa kwanza katika mashine ya kukobolea, yakatoka upande wa pili meupe, madogo kuliko yalivyoingia, yamevuliwa ganda na kung'olewa kiini. Na kando yake ataona pumba zikirundikana, zenye umanjano, zikiacha mafuta kidogo vidoleni mtu akizifikicha. Mama mwenye mahindi hulipa kukoboa, kisha hulipa kusaga, na aghalabu hurudi kwake na mzigo mwepesi kuliko ule aliokuja nao, ilhali pumba hubakia pale kumngoja mfugaji wa kuku. Tena wako wasioridhika na hayo, ambao huziloweka punje zilizokobolewa siku mbili tatu, wakazianika, ndipo wakazisaga, ili sembe ipate kuwa nyeupe pe.

Kazi yote hiyo, na fedha yote hiyo, hutolewa ili chakula kipungue. Ganda la hindi ndilo lenye nyuzinyuzi, ambazo hulainisha choo na kuizuia sukari isipande kwa ghafula katika damu. Na kiini, mahali ambapo mche mpya ungalichipuka, ndipo Mola alipoiweka akiba ya mafuta, ya vitamini za jamii ya B, na ya sehemu kubwa ya madini kama chuma na zinki. Viwili hivyo vikiondoka, kinachosalia ni wanga, na protini kidogo. Wanga hushibisha, wala sina ugomvi nao. Lakini mtu alaye ugali mchana na usiku, na kitoweo chake ni kidogo, hana pengine pa kuvipata vile alivyoviacha mashineni.

Madhara ya kukoboa nafaka yalidhihirika zamani, tena kwa sababu ya kuku. Mnamo mwaka 1886 tabibu mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, alipelekwa katika kisiwa cha Java kuchunguza maradhi ya beriberi, ambayo yalikuwa yakiwalegeza watu miguu, yakawavimbisha, na kuwaua kwa moyo kushindwa kazi. Yeye na wenzake walidhani ni maradhi ya vijidudu. Lakini kuku wa maabara yake, iliyokuwa pamoja na hospitali ya kijeshi mjini Batavia, ambao walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe wa hospitali, walishikwa na udhaifu wa miguu uliofanana na wa wagonjwa. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku wa raia wali wa askari, wakarudishiwa mchele usiokobolewa, nao wakapona. Baadaye mwenzake Eijkman, Adolphe Vorderman, aliyatazama magereza ya Java, akakuta kwamba palipoliwa mchele mweupe, mfungwa 1 katika kila 39 aliugua beriberi, na palipoliwa mchele wenye ganda lake jembamba, ni 1 katika kila 10,000. Gerrit Grijns ndiye aliyebainisha, mwaka 1901, kwamba ndani ya ganda lile mna kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake, na mwaka 1929 Eijkman alitunukiwa nishani ya Nobel. Kitu chenyewe leo huitwa thiamini, nayo imo pia katika hizo pumba tunazomwachia mfugaji.

Bibi zetu waliotwanga kwa kinu na mchi, wakapepeta kwa ungo, hawakuwa na habari ya thiamini, lakini mchi hauna nguvu ya kuivua punje kama chuma kinachozungushwa na umeme, na kwa hivyo wali wao ulibaki na wekundu kidogo, na siha ndani yake. Sisi tumeufanya weupe kuwa ndio usafi, na usafi kuwa ndio heshima, hata wako wanaoona haya kumwandalia mgeni ugali wa dona, yaani wa unga wa mahindi yasiyokobolewa, kwa dhana kwamba ni chakula cha wakati wa shida. Dhana hii inanisikitisha kuliko mashine yenyewe, kwa kuwa mashine hufanya ilivyoamriwa.

Iko hoja moja dhidi ya dona ambayo ni haki kuisikiliza. Ukungu uotao katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi katika ganda na kiini, hata kukoboa huipunguza. Si jambo la kupuuzwa: mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Walakini dawa yake hasa haimo katika kukoboa, bali shambani na ghalani: kuanika juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kutoyaweka ghalani mpaka unyevu umeshuka usizidi asilimia 13.5, na kuchambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi kabla ya kusaga.

Serikali za Tanzania na Kenya zimewaamuru wenye viwanda kuongeza chuma, zinki na vitamini katika unga, nami nazishukuru kwa hilo. Ila mashine ndogo ya mtaani aghalabu haina kifaa cha kuongezea, na nyuzinyuzi zilizoondolewa haziongezwi na mtu yeyote.

Ninachokitaka ni kidogo. Kwa kuwa mafuta ya kiini huifanya dona ichache upesi, na hiyo ndiyo sababu mwenye duka huipenda sembe ikaayo rafuni miezi, basi nyumba na isage dona kidogo kidogo, ya kutosha wiki moja au mbili, kwa mahindi makavu yaliyochambuliwa nyumbani. Na ile fedha ya kukoboa inunue maharage au dagaa.