Barua Bila Safari ni Nusu ya Habari

Wahenga walisema, "Kwa nini kuandikia mate na wino ungalipo?" Kila nikija shuleni hapa siku ya wazazi nawasikia vijana wakibishana juu ya asili yao. Huyu asema babu yake alitoka Kongo. Yule asema la, wa kwetu alizaliwa papa hapa Busongora. Wote wawili waandikia mate. Wino wanao nyumbani, umo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha nyanya, wala hakuna aliyeufungua.

Maoni yangu ni haya: kila mwanafunzi azitafute barua za wazee wake, azisome, kisha afunge safari mpaka mahali zilikotoka. Nasema yote mawili, kusoma na kusafiri, kwa sababu mimi nilifanya moja nikaliacha la pili, nikamsingizia marehemu.

Babu yangu alikuwa mtu wa Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza kutoa mali yake, ikichukuliwa kwa treni kwenda kuyeyushwa Jinja. Watu walikuja kutafuta kazi kutoka pande nyingi: Wakonzo walioteremka milimani, Wajaluo wa Kenya, watu wa Kongo na wa Rwanda. Wengi wao walielewana kwa Kiswahili. Babu aliingia mgodini mwaka 1957. Mdogo wake hakupenda kazi ya chini ya ardhi. Alikwenda Bwera kutafuta mahali pa kulima pamba na kahawa, akaandamana na dada yao. Babu mwenyewe hakuwa amepata kufika huko.

Ndugu hawa wawili waliandikiana kwa Kiswahili. Mtu aweza kushangaa, Wakonzo wawili wa tumbo moja kuandikiana kwa lugha ya wageni. Lakini wakati ule Kikonzo hakikufundishwa shuleni. Watoto wetu walisomeshwa kwa Kitoro, na jambo hilo lenyewe lilikuwa moja ya manung'uniko makubwa ya Wakonzo. Tena babu hakujua kusoma vizuri. Barua zake aliandikiwa na kusomewa na mtu mwingine kambini, na huyo alijua Kiswahili.

Nyumbani kwetu tulilelewa na neno moja: yule wa Bwera alikula fedha za kaka yake. Yasemwa kwamba babu alimpelekea shilingi mia nne amnunulie shamba, na fedha zikapotea pamoja na mwenyewe. Mwaka 1962 harakati za Rwenzururu, chini ya Isaya Mukirane, zilipojitenga na Toro, vijiji vingi vilipata msukosuko, na watu wengine wakavuka mpaka kwenda kwa ndugu zao wa Kongo. Mdogo wake babu alivuka pia. Basi kwetu ikawa amekimbia na fedha. Hatukuzikana nao, hatukualikana arusini, wala hatukutajana katika sala.

Mwezi wa Mei mwaka 2013 mto Nyamwamba ulipofurika, maji yaliingia nyumbani kwa nyanya. Majirani walipoteza vyeti vya ubatizo, picha za arusi, na karatasi za ardhi. Sanduku la babu lilipona kwa kuwa lilikuwa limewekwa juu ya dari. Hapo ndipo nilipostuka, nikaliomba. Ndani mlikuwa na barua saba. Sita zilikuwa katika bahasha zenye stempu ya kichwa cha Malkia Elizabeth na majina ya nchi tatu: Uganda, Kenya na Tanganyika. Ya saba haikuwa na stempu. Ililetwa kwa mkono.

Mbili nitazieleza. Ya mwaka 1961 ilisema, baada ya salamu nyingi: "Kaka, zile shilingi zako nimezitia juu, maji yasipofika. Usiwe na wasiwasi." Niliposoma nilicheka kwa uchungu. Juu wapi? Darini? Hiyo ya mkono, ya mwaka 1963, ilikuwa fupi: "Mimi niko ng'ambo. Njia ni mbaya. Mali yako iko pale pale na dada. Uje uone." Nyanya aniambia kwamba babu aliposomewa maneno hayo ya mwisho aliinuka akatoka nje, wala hakuitaja Bwera tena mpaka alipofariki. Masikioni mwake "uje uone" lilikuwa tishio, kama mtu asemavyo, "Thubutu uje, utaona!"

Nami nikafanya vivyo hivyo. Nilinunua daftari zuri, nikaandika historia ya ukoo, na katika ukurasa wa nne nikaweka: "Alimwibia kaka yake, akakimbilia Kongo." Niliwasomea watoto wangu mstari huo. Nilijiona mtafiti hodari, maana ushahidi ninao mkononi!

Ikapita miaka kadha kabla sijakwenda Bwera, nako nilikwenda kwa shughuli nyingine. Kutoka Kasese barabara yaelekea kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, kisha yageuka magharibi. Mkono wa kushoto ni mbuga ya Malkia Elizabeth na njia ya Katwe penye chumvi. Mkono wa kulia milima yainuka. Wapita Kisinga, wafika Bwera, na mbele kidogo ni Mpondwe, ambapo mto Lhubiriha wagawa Uganda na Kongo. Siku ya soko watu wavuka na vikapu vyao, wakisalimiana kwa lugha ile ile kwenye kingo zote mbili, maana Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wa asili moja. Mpaka waliukuta tu.

Nilikuwa na barua mfukoni. Niliuliza, nikaelekezwa, na jioni nikaketi nyumbani kwa binti ya yule dada wa babu, yaani shangazi yangu, mama mzee ambaye sikupata kumwona maisha yangu yote. Alinipa chai, akanitazama sana, kisha akauliza bila kuzunguka, "Ninyi wa Kilembe, kwa nini hamkuja hata siku moja? Hata kumzika mama yangu?" Sikuwa na jibu. Kumbe nao walikuwa na kesi juu yetu!

Asubuhi alinionyesha mashamba. Chini karibu na mto palikuwa na mahindi yaliyolazwa na maji. Tukapanda mlima. Huko juu palikuwa na kahawa, mibuni mizee yenye mashina manene. Kijana wake mmoja akasema, "Hili twaliita shamba la Kilembe." Nikamwuliza kwa nini. Akasema hajui, labda zamani kampuni ya mgodi ilikuwa na miti yake hapo. Shangazi akatikisa kichwa. "Mama alituambia, hili ni la Kilembe, msiliuze. Nikajua ni la mtu, lakini la mtu gani, na kwa fedha gani, hakutuambia."

Nikatoa barua ya 1961 nikaisoma kwa sauti, hapo hapo kati ya mibuni: "Zile shilingi zako nimezitia juu, maji yasipofika." Kijana alitazama chini mtoni, kwenye mahindi yaliyolala, kisha akatazama mahali tuliposimama. Hapakuwa na haja ya kuelezana zaidi. Na "uje uone" halikuwa tishio. Lilikuwa ni karibu.

Sasa ndugu msomaji waona nilikosea wapi. Mimi nilikuwa na barua bila mahali. Wao walikuwa na mahali bila barua. Kila upande ulishika nusu, na kwa nusu hiyo ukamhukumu mwenzake miaka sitini. Barua huandikwa kwa mtu anayetarajiwa kufahamu mambo yenyewe, au atakayekuja kuyaona. Haielezi mto ulipo wala mlima ulipo. Mjukuu akiisoma mezani mjini, hujaza nafasi hizo kwa yale aliyoyasikia jikoni, na ya jikoni mara nyingi ni chuki. Lakini safari peke yake nayo haitoshi. Ningalifika Bwera mikono mitupu, ningaliambiwa kwamba lile ni shamba la kampuni, nami ningaliandika hivyo.

Wapo watakaonipinga. Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye hapa, aliniambia, "Acha kufukua. Kasese imeona damu miaka ile ya 1960, ikaona tena Novemba 2016. Mambo ya kale ni moto chini ya majivu." Namheshimu, wala hasemi uongo. Lakini namjibu kwamba kwetu moto ulikuwa ukiwaka siku zote, na kuni zake zilikuwa ni kutojua. Hakuna aliyefukua kitu, na bado tuliacha kuzikana. Jambo la kuogopwa ni kuchukua barua na kuifanya rungu. Shamba lile sikulidai. Shangazi na wanawe wamelilima kwa jasho lao, nasi tumekubaliana libaki kwao. Tulichoomba ni kimoja tu, kuzikana. Mwaka uliofuata tulipofiwa Kilembe, gari lililojaa watu lilitoka Bwera.

Kwa hiyo natoa mashauri machache. Kwanza, iandike nakala ya barua kabla ya jambo lolote, au uipige picha kwa simu, na karatasi yenyewe uiweke mahali pakavu. Usitupe bahasha; muhuri wa posta waonyesha mji na tarehe, na pengine mwandishi mwenyewe hakuvitaja. Pili, msomee mzee kwa sauti, ukanyamaze. Atakusahihisha. Tatu, nenda. Kutoka hapa mpaka Bwera ni safari ya asubuhi moja. Nne, ukirudi andika ulichokiona kando na ulichokisikia, usivichanganye.

Ninyi mlio madarasani mna bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi, na mwaka huo huo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha mnayoifanyia mtihani ndiyo waliyoandikiana wazee wenu wa mgodini. Basi someni kitu chenye damu yenu ndani yake.

Na ninyi wazee wenzangu mliopitia shule hii, fungueni masanduku. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukoo ni mali. Mwaandika kila siku katika simu maneno ambayo hayatakuwapo simu ikiharibika. Andikeni barua moja kwa mwaka, kwa kalamu, mkitaja mahali kwa majina yake na kueleza mto uko upande gani, ili mjukuu asije akakosea kama nilivyokosea mimi.

Nakala za barua zetu saba nimezileta, kwa ruhusa ya nyanya na ya shangazi, nimemkabidhi mtunza maktaba wa shule. Naomba zisikae peke yake rafuni. Daftari langu pia ninalo bado. Ule mstari wa ukurasa wa nne sikuufuta. Nimeandika chini yake yote niliyowaeleza hapa, kisha nikawaita watoto nikawasomea upya. Kaburi la yule mzee liko ng'ambo, upande wa Beni, na hali ya usalama huko haijaniruhusu kufika. Siku njia itakapokuwa njema nitakwenda. Alisema niende nione.