UKURASA WA MKULIMA: Kabla ya Kwenda Asiatique Kununua Vifaa vya Banda la Nailoni

 

Mwezi huu najibu swali la kikundi kimoja cha watu kumi na wawili, akina mama na akina baba, ambao wameweka likilimba yao kwa muda mrefu. Wanataka kujenga banda la nailoni, lile wengine wanaita kitalu nyumba, walime nyanya za kuuza. Fundi mmoja amewaambia: chuma tu, miti ni kupoteza pesa. Mwingine amewaambia: miti inatosha, chuma ni cha matajiri. Wanauliza, tumsikilize nani?

Swali hili ni zito. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2025, hakuna kati yetu mwenye pesa ya kuchezea. Banda likianguka, likilimba ya watu kumi na wawili inaanguka nalo. Kwa hiyo tuende polepole.

KWANZA: JE, MNAHITAJI BANDA?

Banda la nailoni linafanya kazi mbili kubwa. Linazuia mvua isipige majani, maana majani ya nyanya yakilala na maji yanapata ugonjwa wa baka. Na usiku linatunza joto kidogo. Huku juu milimani, ambako mvua za Februari hadi Mei zinaharibu nyanya za nje na bei sokoni inapanda, banda lina faida.

Lakini yule ndugu anayelima chini, kule Imbo karibu na Bujumbura, asiige tu. Kule kuna joto. Ukifunga nailoni pande zote, ndani panakuwa tanuru. Joto likipita digrii 32 au 35, maua ya nyanya yanaanguka bila kuzaa. Yeye aweke nailoni juu tu kama mwavuli, na pembeni zote aache wavu.

PILI: PIMENI UDONGO KABLA YA MITI

Kenya, miaka ya mwisho ya 2000 na kuendelea, watu wengi walinunua mabanda ya nyanya, mengi ya mita 8 kwa 15. Wengi hawakuvunjwa moyo na upepo. Adui aliyewamaliza ni mnyauko wa bakteria, unaokaa ndani ya udongo. Mche uko kijani asubuhi, mchana umelala, kesho umekufa. Hakuna dawa ya kuuponya.

Kwa hiyo ulizeni wenyeji wa mlima: hapa paliwahi kulimwa nyanya, viazi ulaya, bilinganya au pilipili, vikanyauka ghafla? Mkiona mche wa namna hiyo, kateni shina karibu na mzizi, mlitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Mkiona uzi mweupe kama maziwa unashuka majini, ondokeni hapo. Banda hata liwe la dhahabu, halitawasaidia kitu.

TATU: MITI AU CHUMA?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mti wa mikaratusi ulioandaliwa vizuri unakaa miaka mitatu, minne, au mitano kama mchwa ni wachache. Bomba la chuma lililopakwa zinki linakaa miaka kumi na zaidi. Basi msiulize bei peke yake. Gawanyeni bei kwa miaka.

Mfano tu, bei za kweli mtauliza wenyewe: tuseme fremu ya miti ni 100 na inakaa miaka 4. Kila mwaka inawala 25. Fremu ya chuma tuseme ni 300, inakaa miaka 15. Kila mwaka inawala 20. Ndiyo, chuma ni rahisi zaidi! Fundi wa kwanza hakudanganya.

Lakini fundi huyo amesahau jambo moja. Sisi hatuna shamba. Tunakodi kwa mwenyeji, miaka miwili, mitatu. Na hakuna anayejua kama baada ya miaka mitatu atakuwa hapa, atakuwa amerudi Kivu, au atakuwa amepata safari. Mkikaa miaka 3 tu na chuma kile kimechomelewa na kuzikwa kwenye zege, kila mwaka kimewala 100, kisha mnamwachia mwenye kiwanja. Miti mkiiacha baada ya miaka 3, imewala kama 33 kwa mwaka. Kwa hiyo jibu langu ni hili: banda la kwanza mjenge kwa miti. Faida ikipatikana, la pili liwe la chuma, lakini la bolti, la kufungua na kubeba. Msikubali kuchomelewa mahali pasipo penu. Na mapatano na mwenye kiwanja yaandikwe, na yaseme wazi kwamba banda ni lenu na mtaliondoa mkitaka.

Kuna wanaosema tutumie mabomba ya plastiki ya maji, yanapinda vizuri. Hapana. Jua linayafanya yavunjike kama biskuti, na nailoni ikigusana nayo inaoza haraka. Mara nyingi rahisi ya leo ni ghali ya kesho.

Na turubai tulilopewa, lile la mita 4 kwa 5? Msilitumie. Halipitishi mwanga wa kutosha kwa nyanya, na lile ni dari la watoto wenu.

NNE: HESABU YA BANDA LA MITA 6 KWA 15

Kikundi cha watu kumi na wawili kianze na hili. Nguzo ziwe safu tatu, kila baada ya mita 2 na nusu, yaani nguzo 7 kwa kila safu, jumla 21. Zile 14 za pembeni zikatwe mita 2.6. Zile 7 za katikati mita 4.1. Kila nguzo iingie ardhini sentimita 60, ili pembeni ibaki mita 2 na katikati mita 3 na nusu. Chomeni kidogo kwa moto ule upande unaoingia ardhini, mpake oili iliyotumika ya gari hapo chini tu, mwache ikauke. Oili isifike juu, inaharibu nailoni. Nguzo za pembe ziegemezwe na mti wa mshazari, maana upepo unaanza kuvunja pembe.

Dari lenye mteremko huo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine pamoja na cha kuning'inia, linataka nailoni ya upana wa mita 7 na nusu hivi, na urefu wa mita 17. Ukiweka mdomo wa kupumulia juu, ongeza kidogo ya kupandiana. Mdomo huo uangalie kule upepo unakoelekea, usiangalie unakotoka, la sivyo upepo utaingia kama kwenye tanga la mtumbwi. Pembeni ni mita 42 za wavu wa kuzuia wadudu, kimo cha mita 2, na zile pembetatu mbili za mbele na nyuma.

Ndani mtapata matuta 4, miche kama 220. Msidanganywe na wauzaji wanaosema mche mmoja unatoa kilo 15. Kwa mwanafunzi, hesabuni kilo 4, yaani karibu kilo 900 kwa msimu. Kama kwa kilo 900 hamrudishi gharama zenu ndani ya misimu miwili au mitatu, subirini kwanza.

TANO: SASA TWENDE ASIATIQUE

Miti mtainunua huku huku. Nailoni, wavu, bolti na misumari ndiyo ya kutafuta mjini. Tangu soko kuu la Bujumbura liungue tarehe 27 Januari 2013, biashara ilitawanyika, na Asiatique maduka yamejaa. Mtu anayesema Kiswahili hapotei pale. Nendeni wawili, mwenye kuhesabu na mwenye kubishana bei. Ombeni ruhusa ya kutoka kambini mapema. Na mkiwa na kazi ya vyuma, Buyenzi iko jirani, mafundi wamejaa.

Nailoni ndiyo roho ya banda, na hapa ndipo wengi wanaumia. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa nailoni ya kawaida ya kufunikia mizigo nikidhani ni ya banda. Ilikuwa nzuri, inang'aa! Haikumaliza hata mwaka, jua liliikausha ikapasuka kama karatasi. Nailoni ya banda ina dawa ya kuzuia jua, imeandikwa herufi UV, na unene wake ni mikroni 200. Hiyo inakaa miaka mitatu hadi mitano. Muuzaji akikataa kukuonyesha maandishi kwenye roli, mwambie asante, toka, ingia duka la pili. Na dai risiti yenye jina la kitu hicho. Pesa mliyookoa kwenye chuma, iwekeni hapa.

SITA: KUFUNGA

Fungeni nailoni asubuhi yenye jua na isiyo na upepo, watu sita kila upande, mvute iwe kama ngozi ya ngoma. Ikilegea, maji ya mvua yatatuama na kuipasua, na upepo utaipigapiga mpaka ichanike. Msipigilie msumari moja kwa moja. Wekeni kwanza kipande cha mpira wa ndani wa tairi, halafu ubao mwembamba, ndipo msumari. Mahali nailoni inapogusa mti, laini-sheni kwa panga, pasiwe na kifundo.

Baada ya hapo, kila jioni mtu mmoja wa zamu azunguke banda. Tundu dogo likizibwa leo ni kazi ya dakika tano. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, wazee walisema.

Kikundi kilichoandika, nawatakia heri. Mkimaliza kupima udongo, niandikieni tena kabla hamjatoa hata faranga moja. Wengine wenye maswali, mpeni barua mjumbe wa kizuizi chenu. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kumwagilia kwa pipa na mpira wa matone, ili akina mama na watoto wapunguze safari za bombani.

Kaeni salama.